Kilo Sabini na Moja

Jumatano, saa sita na nusu mchana, Mama Louise alikuwa uani kwake, mtaa wa Manika, mjini Kolwezi, akichambua maharagwe. Redio yake ilikuwa juu ya kigoda, antena imeungwa kwa waya wa shaba. Ni redio ndogo, ya betri mbili. Mtoto wa miaka mitatu angeibeba kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umeshika mkate.

Dimitri, msomaji wa habari wa redio ya mji, alisoma habari za vita vya mashariki. Alisema wamepigana tena.

"Upande wetu banaanguka bachache tu," alisema, akacheka kidogo, kama mtu anayetafuta karatasi nyingine mezani. "Tusiharibie batu chakula ya midi, ile ya muchana. Tuingie ku mupira."

Akataja majina kumi na moja ya wachezaji wa Jumapili, kisha ya wale wa akiba. Golikipa aliyeumia goti akamtaja mara mbili na kumtakia apone upesi. Halafu likaja tangazo la bia.

Tangazo halijaisha, kigoda kikavunjika miguu yote. Redio ikaanguka, ikazama kwenye udongo vidole viwili, ikaendelea kuimba habari za bia.

Mama Louise alijaribu kuiinua, akashindwa. Akamwita jirani yake, Rehema, mke wa mwenye malori, mwanamke mwenye mikono ya kutwanga. Wakainama wawili, wakavuta. Haikusogea.

"Iko na buzito ya mutu," Rehema akasema.

"Ee," Mama Louise akajibu, akarudi kwa maharagwe, kwa sababu maji yalikuwa yamechemka.

Siku tatu kabla, alipigiwa simu na askari mmoja, rafiki wa mwanawe Gaston. Askari huyo alisema Gaston alianguka kwenye barabara ya Sake, siku adui walipoichukua Goma, na kwamba walikimbia wakamwacha pale, awasamehe. Mama Louise alimshukuru, akamuuliza kama yeye mwenyewe amekula.

Lakini katika ukoo wao mama hatangazi kifo cha mwanawe. Kinywa kilichomwita mtoto aje kula hakiwezi kusema amekufa. Anayetangaza ni mkubwa wa ukoo, naye hutangaza kwa redio, maana ndugu wengine wanaishi mbali, Kasaji na Kisenge, na saa sita na nusu wote husikiliza. Jina likisomwa, mikeka inatandikwa na kilio kinaanza. Lisiposomwa, kutandika mkeka ni kumchimbia kaburi mtu aliye hai.

Mkubwa wa ukoo alikuwa kaka yake, Tata Kankolongo. Jumatatu alivaa koti, akaenda redioni, akaambiwa majina ya askari hayasomwi. Jumanne akavaa koti tena, akaambiwa vilevile, na mlinzi wa mlango akamshauri aache koti nyumbani, kuna joto. Basi mikeka ilibaki imekunjwa nyuma ya mlango. Mama Louise alikwenda sokoni, akasalimia watu, na watu walipomuuliza habari za Gaston alijibu kwamba eko kule.

Alhamisi asubuhi wachimbaji wanne waliibeba redio hadi kwenye depo ya Feruzi, mnunuzi wa madini, ili wajue wanashughulika na nini. Walibadilishana mabega mara tatu njiani. Mizani ya Feruzi inajulikana: mfuko wowote ukipanda juu yake unapungua kilo kumi, na mchimbaji akilalamika Feruzi humwambia madini yamekauka. Siku ile mizani haikupunguza kitu. Sindano ilisimama kwenye sabini na moja.

Feruzi aliitazama, kisha akatazama ukuta. Kabla ya kuwa askari, Gaston alichimba hapo miaka minne, na Jumamosi vijana walikuwa na mchezo wa kupanda mizani baada ya mifuko kuisha. Feruzi aliandika uzito wao ukutani kwa chaki. *Gaston, 71.* Hakuwa ameufuta.

"Kwa mutu mi sipunguzake," Feruzi akasema, akavua kofia.

Hadi adhuhuri foleni ilikuwa imefika barabarani. Wazazi wengine wa askari walileta redio zao kwa baiskeli, wengine kwa kigari cha kusukuma. Moja ilikuwa kilo sitini na nne, moja themanini na mbili. Ya Tata Tshimanga, fundi viatu, ilipasua tairi la kigari. Ilikuwa kilo mia moja thelathini na mbili. Feruzi akafikiri mizani imeharibika.

"Haiharibike," Tshimanga akamwambia. "Mi nilitoa babili."

Walizipeleka zote redioni, kilimani. Walifika hasira imeshawapanda zaidi ya jua. Wanawake walipiga sufuria wakiuliza kama mucheka-wafu yuko ndani au ameenda kula midi yake. Mlinzi alifunga mlango, akaona redio zinavyowekwa kwenye ngazi na ngazi inavyoshuka, akaufungua tena.

Dimitri akatoka, vifaa vya kusikilizia vikining'inia shingoni. Kijana msafi, shati limepigwa pasi. Alieleza kwa upole kwamba kazi yake ni kuwapa watu moyo, na kwamba majina ya wafu yanavunja moyo.

"Goti ya golikipa unaijua," Tshimanga akasema. "Batoto yangu babili, haubajue?"

Dimitri akasema golikipa ni mtu wa watu wote. Mtu mmoja akamrushia ndala, ikampata begani. Akaipangusa alama yake, akaendelea kueleza.

Hapo Mama Louise akasogea mbele. Hakuweza kusema alichotaka kusema, maana kinywa chake kilikuwa kimefungwa na desturi. Watoto wake wote aliwalea kwa vitendawili, wakati wa kuota moto wa makaa, na Gaston ndiye aliyekuwa akishindwa na kugawa miji yote ya Katanga kabla ya bukari, ugali wa jioni, kuiva.

"Kitendawili," akasema.

Dimitri ni mtoto wa Kolwezi. Alijibu bila kupenda. "Tega."

"Anaingia mu nyumba yangu kila midi, habishe hodi. Anaona mikeka nyuma ya mulango. Anacheka, anatoka."

Dimitri akafikiri kweli. Akasema ni upepo. Akasema ni panya. Hakuna aliyecheka.

"Ninashindwa, mama."

"Basi unipe muji."

"Ninakupa Goma."

"Ile hauna nayo," Mama Louise akasema. "Na jibu ni weye."

Dimitri alitazama saa yake. Kipindi cha salamu kilikuwa kimefika. Akaingia ndani. Redio zikabaki kwenye ngazi, na zote kwa pamoja zikaanza kusoma salamu kwa sauti yake. Ijumaa asubuhi mafundi walikuta ngazi imezama yote. Wakaweka ubao juu ya redio ili wafanyakazi wapite bila kuchafua viatu.

Ijumaa hiyo jioni, jua halijatua, simu ya Mama Louise ililia. Alikuwa Mama Myriam wa Kasaji, shangazi yake Gaston, aliyemnyonyesha pamoja na mwanawe mwaka ule Mama Louise alipougua.

Waliulizana habari za mihogo. Waliulizana habari za mvua. Mama Myriam akasema redio haijataja mtu yeyote wa kwao, amesikiliza kila siku, Mungu asifiwe. Akasema kuna kitu kimoja tu, kidogo: tangu Jumatano redio yake imevunja meza, na vijana watatu hawawezi kuiinua.

"Yako je, dada?"

"Yangu pia."

"Mulipima?"

"Tulipima ku mizani ya Feruzi."

"Kilo ngapi?"

Mama Louise alitazama mikeka nyuma ya mlango. Kilo si kifo. Kilo mama anaweza kuzisema.

"Sabini na moja," akasema.

Katika simu Mama Louise alisikia hatua, mlango, kisha mkeka ukikunjuliwa sakafuni, taratibu, hadi mwisho. Akaweka simu chini, akaenda kuchukua wake.

Jumamosi, saa sita na nusu, Dimitri alisema upande wetu wameanguka wachache tu, akataja wachezaji kumi na moja na wa akiba. Kwenye depo ya Feruzi, bila mtu kuwaambia, wachimbaji walisogeza mifuko yao pembeni, wakaacha njia hadi kwenye mizani.