Ufa Chini ya Roshani

"Maji yako tena, Odette! Shuka nimezifua jana, leo zina kutu kama gari bovu!"

"Anika ndani kwako basi! Au nisioshe roshani yangu kwa sababu malkia wa chini ametundika shuka?"

"Osha, lakini osha kama mtu, si kama zimamoto!"

Asubuhi zilianza hivyo katika lile jengo la mtaa wa Shubra, na wapangaji hawakukubali kukosa hata neno moja. Hajja Nimaati wa ghorofa ya chini alikuwa ameshatoa kiti chake nje, bakuli la bamia mapajani, kisu mkononi, shingo juu. Galila, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Wagih, alisimama kwenye roshani yake akimtazama jirani wa juu. Kichwa cha Odette kilining'inia ukingoni, nywele zimeviringwa kwenye vipande vya plastiki, uso mwekundu kwa hasira.

Galila alikuwa na maneno, na yote yalikuwa yamepanga foleni. Ila Kwaresima hii Abuna Sarabamoni, padri wake wa maungamo, alimpa kazi moja: afunge na ulimi, si tumbo tu. Akauma meno. Hapo ndipo kipande cha zege, ukubwa wa andazi, kilipodondoka kutoka juu na kupasukia miguuni pake.

Akainua macho. Chini ya roshani ya Odette palikuwa na ufa, kutoka ukutani hadi karibu na ukingo. Lipu ilikuwa imebanduka, nondo zimetoka nje, nyembamba, zimeliwa na kutu, na maji yalikuwa yakichuruzika humo humo. Aliyesimama juu hakuweza kuuona. Aliyeweza kuuona ni wa chini tu.

Galila akafungua kinywa ili aseme.

"Unashangaa nini?" Odette akamwahi. "Ndiyo maana Wagih wako kakimbilia Australia! Hata simu hapigi, maskini, anaogopa sauti yako itamfuata huko!"

Kwenye dirisha la ng'ambo mtu akacheka.

Wazo likaja. Halikuja kwa kelele. Lilikuja kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi mezani: *Mwache.*

Galila akafunga kinywa. Akazianua shuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Mmemwona Mama Wagih?" Hajja Nimaati akatangaza kwa jengo zima. "Katukanwa na kanyamaza! Saumu imemwingia huyu!"

Siku hiyo Galila alisonga unga, akaosha dengu, akasali. "Bwana Yesu Kristo, nihurumie mimi mwenye dhambi." Abuna alimfundisha aiseme kila pumzi, iwe kama bawabu mlangoni. "Wazo baya litabisha hodi, binti yangu," alimwambia. "Kubisha kwake si dhambi yako. Lakini ukilipatia kiti na kulipikia chai, usije ukaniambia humjui mgeni huyo."

Basi akasali, na huku sikio lake likiwa darini. Odette alikuwa akitembea. Jikoni. Sebuleni. Roshani. Kila nyayo zilipofika roshani, sala ya Galila ilikatika. Zikirudi ndani, sala ikaendelea. Jioni aligundua kitu kilichomfanya aache mwiko sufuriani: alikuwa anasali kwa kufuata nyayo zile. Alikuwa anasubiri.

Akajitazama kwenye kioo cha kabati, uso ule ule, msalaba ule ule mdogo uliochanjwa kwenye kifundo cha mkono tangu utotoni. Nani yuko humu ndani? alijiuliza. Nani amekaa kwenye kiti changu?

Akajifunga shela, akatoka apande juu. Ngazini akakutana na Hajja Nimaati, kapu la nyanya mkononi, hamu ya mazungumzo usoni.

"Mama Wagih! Wallahi umenifundisha. Mimi ningemrushia ndoo! Wewe ukanyamaza kama watawa wa jangwani. Mwenyezi Mungu akuzidishie."

"Ah, Hajja, mimi si kitu," Galila akasema. Akasikia utamu wa maneno yale ukimshuka kifuani. Akienda sasa kusema "niliona asubuhi nikanyamaza", ukimya wake ungekuwa nini? Akageuka, akarudi kwake. Lile wazo lilikuwa pale pale, limekunja miguu, linangoja chai.

Usiku hakulala vizuri. Dari ilitoa mlio kidogo, na kila mlio ulimkalisha kitandani.

Jumapili asubuhi alijifunga shela nyeupe ya kanisani. Hakuwa ameonja hata maji, kwa kuwa alikusudia kupokea Ushirika Mtakatifu. Nitaikaribia vipi ile Meza? Akasimama sebuleni, funguo mkononi, hatoki, haketi.

Chini, muuza maharagwe akaita. Mbele ya roshani ya Galila kikapu cha Odette kikashuka kwa kamba, kitupu. Kikakaa huko kidogo, kisha kikaanza kupanda, kizito sasa, bakuli linatoa mvuke. Vumbi jeupe likamwagikia sakafu ya roshani. Kisha kokoto. Kisha mlio, kama mfupa unaovunjika.

Galila akatoka mbio, akakamata kamba.

"Nani kashika kamba yangu? Mwizi!"

"Rudi ndani!" Galila akapiga ukelele. "Toka hapo!"

"Ahaa, ni wewe! Sasa unaniamuru nyumbani kwangu?" Na Odette akainama zaidi ili amwone vizuri wa kumtukana. Ufa ukafunguka kama mdomo.

Kelele zitamuua Odette, Galila akajua. Akashusha sauti, akatumia jina ambalo lilikuwa halijatoka kinywani mwake kwa upole mwaka mzima.

"Odette, dada yangu. Nimekukosea. Rudi nyuma taratibu, nikuambie. Nakuomba."

Kile kichwa kikatulia. Labda ni mshangao tu. Kikarudi nyuma, kikapotea, kamba ikalegea. Galila akarukia ndani na kikapu, na nyuma yake ukingo wa juu, na chungu cha mrehani, na zege lote lile, vikashuka kwa kishindo juu ya kamba zake za nguo. Mtaani watu wakapiga mayowe. Hajja Nimaati akalitaja jina la Mungu kwa sauti.

Galila akapanda ngazi, kikapu mkononi. Odette alifungua mlango, mweupe kama unga.

"Niliona tangu jana," Galila akasema kabla ya salamu. "Nilinyamaza. Si kwa saumu. Nilitaka uanguke."

Odette akamtazama. Akatazama shela yenye vumbi, akatazama mahali ilipokuwa roshani, mlango umefunguka kwenye hewa tupu. Galila akarudi hatua moja.

"Ulitaka," Odette akasema mwishowe. Sauti ilikuwa kavu. "Na mimi nilimtia mwanao kwenye matusi yangu." "Huendi kanisani?"

"Siwezi kuikaribia Meza kabla sijamwona Abuna."

Kengele ilikuwa ikilia. Odette akanyoosha mkono, akapokea kikapu, akakagua bakuli. Lilikuwa limemwagika nusu tu.

"Utasimama hapo mpaka lini? Ingia, Galila," akasema. "Keti mbali na mlango ule. Tule kabla hayajapoa."