Mguu wa Kulia Mbele

Tangu mazishi, Gerald Hudak hakuwa amedondosha hata chozi moja, na watu wa mji wake wa Erie walikuwa wameshaanza kumsema. Waache waseme. Mtu hajikamui kama ndimu. Alikula, alilala, saa moja asubuhi alikuwa kwenye karakana yake ya plastiki, akimimina vifuniko vya chupa mpaka jioni, na ndani yake hamkuwa na kitu. Ganzi tu, kama ile ya daktari wa meno, ila hii ilikuwa na miezi minne na haijaisha.

Kazi pekee aliyoifanya kwa moyo wake ilikuwa ya wanasesere. Wes, mwanawe wa pekee, utotoni alikuwa na ndoo nzima ya askari wa plastiki wa kijani. Aliwakata bunduki zote kwa kikata kucha, akawabandika kwa gundi juu ya vijiti vya aiskrimu, akatangaza kwamba vita vimekwisha, sasa wanateleza. Basi Wes alipokufa barabarani akiwa na miaka ishirini na miwili, rafiki zake wakapanga siku ya kumkumbuka kwenye uwanja wa skeitibodi, zile mbao za magurudumu alizoteleza nazo, na Gerald akajitolea kuwatengenezea Wes mia tano wa kijani, kila mmoja urefu wa kidole, juu ya ubao wake. Wangebandikwa kwenye kila ngazi na kila ukingo aliowahi kuutelezea mjini.

Alitaka amfanyie mwanawe jambo moja tu lililo sawasawa. Maana kwenda kumtazama akiteleza, hakuwahi. Hata mara moja! Kila Jumamosi alikuwa na kazi.

Jumamosi ya kumbukumbu, saa nne asubuhi, Mireya akaja na gari kuchukua mzigo. Alikuwa rafiki wa Wes tangu shuleni, binti mwenye makovu kwenye viwiko na mdomo usiotulia.

"Mzee, umeamkaje? Haya, nipe hao vijana wangu. Watu wamesubiri mpaka wameanza kuvunjana miguu huko."

Gerald akafungua sanduku. Mireya akachukua mmoja, akacheka. "Jamani, ona pua hiyo! Na kofia kaigeuza vilevile, mjinga huyu." Kisha akamzungusha mkononi. Akachukua wa pili, akamzungusha. Akawarudisha sandukuni.

"Nini?" aliuliza Gerald.

"Hamna kitu, mzee. Wazuri sana."

"Mireya, miaka thelathini watu wananirudishia mzigo. Jicho hilo nalijua. Sema."

Akashusha pumzi. "Juu ya ubao, Wes alitanguliza mguu wa kulia. Huyu katanguliza wa kushoto."

"Sasa hiyo ndiyo nini?"

"Ndiyo kila kitu! Kila mtu ana mguu wake, mzee. Ndio tunaomtambulia mtu kwa mbali kabla hatujamwona sura. Wakimwona huyu watasema ni mtu mwingine kavaa kofia ya Wes."

Gerald akaibandua picha ukutani. Ndiyo picha pekee aliyokuwa nayo ya Wes akiwa juu ya ubao, na ndiyo aliyoifuata kuwachonga. Wes alijipiga mwenyewe kwa simu, akamtumia baba yake na maneno mawili: njoo Jumamosi. Mireya akaitazama, akagusa kifua cha yule kijana.

"Soma fulana."

"Hudak. Fulana ya karakana."

"Umesoma ukianzia upande gani?"

Upande wa kulia. Simu ilikuwa imegeuza picha nzima kama kioo. Mtu mwingine yeyote angeshtuka palepale, lakini mchonga kalibu, chombo cha kumiminia plastiki ipate umbo, huchonga herufi kinyume ili kitu kitoke sawa, na jina hilo Gerald alikuwa amelisoma kinyume kwa miaka thelathini. Kwake lilikuwa limenyooka kabisa.

"Nendeni bila hao," alisema. Alitafuta aibu ndani yake, akatafuta uchungu, asipate hata kimoja. "Nitawasaga wote."

Akanyanyua sanduku, akageuka kuelekea kwenye mashine ya kusagia.

"Ngoja kwanza, mzee. Simama hapohapo. Usigeuke."

"Unataka nini tena?"

"Simama tu, mbona mbishi hivi?"

Akamsukuma mgongoni kwa viganja viwili. Gerald akapepesuka, mguu ukaruka mbele kumkinga, sanduku likamponyoka, watu wa kijani wakatapakaa sakafu nzima.

"Wewe! Una wazimu?"

"Ndivyo tunavyompima mtu anayeanza. Unamsukuma hajajiandaa, na mguu unaotangulia ndio mguu wake. Wes nilimsukuma mimi, tukiwa na miaka kumi na mmoja." Sauti yake ikashuka. "Angalia chini, mzee."

Gerald akaangalia. Kila aliyelala sakafuni alikuwa ametanguliza mguu wa kushoto. Kati yao kilikuwa kiatu chake kikubwa, mbele ya mwenzake. Cha kulia.

"Kumbe alirithi kwako," alisema Mireya.

Gerald akarudi nyuma, akasimama miguu sambamba.

"Nisukume tena."

Akamsukuma. Kulia.

"Tena."

Mireya akanyoosha mikono, lakini safari hii hakusukuma. Aliyashika tu yale mabega, maana yalikuwa yameanza kutetemeka.