Prosesa ya Johari Haiingii

...na haiingii, ameigeuza huku na huku juu ya bodi na bado haiingii, na Griffin fundi anatikisa kichwa, "Dada Johari, hii ni ya kampuni ile ingine, bodi yako ni ya washindani wao, haziwezi ingiana," na Johari anakitazama kidude kile kama anayeutazama uso wa mwizi, maana muuzaji kule Kisauni aliapa, wallahi itafaa, naye akaamini, kompyuta si kompyuta tu... kumbe wakubwa wa makampuni wagombana huko kwao, kila mmoja kajichongea shimo lake la kupachikia, hata ya kampuni ile ile ikiwa ya mwaka huu yaikataa bodi ya juzi, wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi leo ni yeye, mpiga video wa Kiembeni, na Nadira bibi arusi anasafiri kesho kumfuata mumewe, anaingoja video ya kupambwa kwake, "Nipatie tu hiyo diski yenye video, niifungue kwa mashine yangu, ni saa hii hii," asema Griffin, maskini, mtu wa bara, hana ubaya, hajui kupamba ni nini, sherehe ya wanawake watupu, hajui mlangoni simu zilishikwa zote, mabuibui yakavuliwa, wamama wazima wakacheza chakacha nywele wazi, na mamake Nadira akamshika Johari mkono, "Mwanangu, jicho la mwanamume lisiione hii," naye akajibu, "Inshallah mama, ni amana"... anaibana diski mkobani, yalaaniwe makampuni yote mawili na mashindano yao, wao wapate faida, yeye apate aibu, atakayeifungua sharti awe mwanamke, na mwanamke mwenye mashine ni mmoja, Nyambura wa Changamwe, yule, yule anayemnyang'anya wateja, la, heri afe kuliko kumwomba... yule ambaye siku moja betri ya kamera ilimzimikia katikati ya harusi ya watu, akaja mbio, "Dada, nisaidie yako," na Johari akamwangalia juu mpaka chini, akamwambia, yangu haiingii kwa kamera yako, akarudi kucheka na wenzake, na hasira iliyokuwa ikiwaka huko ughaibuni kwa wenye makampuni yamrudia yeye mwenyewe, "Sasa dada, tufanyeje?" auliza Griffin, prosesa ingali mkononi mwake, na Johari simu ameitoa, anatafuta kwenye jumbe za zamani namba ya Nyambura aliyoifuta mwenyewe, kwa sababu kamera zao, yake na ya Nyambura, zilikuwa za kampuni moja, na ile betri ingeingia.