Rihab Alivyorudi kutoka Zohali

Sisi tulioipenda Mlinzi wa Zohali tulizoea kuchekwa. Filamu hiyo ilitengenezwa hapahapa Iskandaria tulipokuwa chuo kikuu, kwa vijisenti, na chombo chake cha angani kiliungwaungwa kwa matangi ya maji na milango ya mashine za kufulia. Ukikazia macho sehemu ya mwanzo unaiona nembo ya kiwanda. Kwenye majumba ya sinema haikumaliza hata mwezi. Lakini kanda zake zilipita mkono kwa mkono mabwenini, zikanakiliwa na kunakiliwa tena mpaka nyuso za watu zikawa chenga tupu, na bado tulikaa tukatazama.

Tulikuwa tunamtazama Rihab. Ndiye mhandisi wa chombo, wenzake wote wamekufa, chombo kinaanguka kuelekea kwenye pete za sayari ya Zohali, hewa inakwisha, naye akilala ndiyo basi tena. Ili asilale anavitaja vituo vya tramu ya kwetu kwa pumzi moja, mbio mbio, kama kondakta aliyechelewa chakula cha mchana: Raml, Azarita, Shatbi, Kamb Shizar, Ibrahimiya, Sporting, Kleopatra, Sidi Gabir, na kuendelea mpaka Viktoria. Watu wa rika letu wote wamewahi kujaribu kuvitaja kwa kasi ile wakaishia kujiuma ulimi. Mwishoni chombo kinapenya kwenye pete, redio inakoroma, kisha giza. Alifika? Hakufika? Hatukuambiwa. Mwigizaji mwenyewe, Mushira Zananiri, alicheza michezo michache ya jukwaani baada ya hapo, halafu akapotea machoni pa watu.

Aliyeumizwa na swali hilo kuliko sote ni rafiki yangu Wagih, mfamasia wa Ibrahimiya. Mimi naitwa Safinaz, nafundisha jiografia shule ya wasichana, na tulijuana alipokuja kuazima kanda kwangu akakataa kuirudisha. Yeye ndiye aliyeanzisha kundi letu, Abiria wa Zohali, kwanza kwenye meza moja ya mkahawa, baadaye kwenye simu, ambako watu wa mpaka Aswan na Kuwait wakajiunga kugombana nasi. Binti yake alipozaliwa alimpa jina la Rihab. Mkewe alidhani ni jina la shangazi.

Basi siku ilipotangazwa kwamba mwongozaji yuleyule, ustadh Bahgat, amemaliza kutengeneza sehemu ya pili, na Mushira yuleyule ndani yake, Wagih alifunga duka la dawa mchana kweupe. Alinipigia simu nikiwa darasani.

"Safinaz, amefika! Nilikwambia amefika!"

"Nani amefika? Kuna mgonjwa?"

"Rihab, mwanamke wewe! Rihab!"

Tulikwenda siku ya kwanza, onyesho la alasiri, katika sinema moja karibu na kituo cha Raml. Ilikuwa wakati wa zile dhoruba za baridi, mawimbi yanaruka ukuta wa pwani na kuilowesha barabara, na Abiria waliingia wakichuruzika maji huku wanacheka. Wagih alikuwa amevaa koti lake la kung'aa, nakala ya koti wanalovaa mle chomboni, alilolishonesha akiwa kijana. Halikufunga tena vifungo. Alimburuta na binti yake, ambaye sasa anasomea uhandisi na hajawahi kuificha chuki yake kwa filamu ile.

"Baba, nimekuja kwa sababu ya mvua tu," Rihab alisema akikaa kati yetu. "Na ukianza kulia nahama kiti."

"Utalia wewe."

"Kwa matangi ya maji?"

Nyuma yetu alikaa Lutfi, muuza miwani, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika. "Dokta," alimwambia Wagih, kama tunavyomwita kila mfamasia, "hilo koti likipasuka humu ndani tutajua chombo kimelipuka."

Taa zikazimwa. Sitasahau dakika zile za mwanzo. Safari hii palikuwa na fedha, na ustadh Bahgat alijua kuzitumia: pete za Zohali zilijaza ukumbi wote, barafu na vumbi vikielea kimya kabisa, hata muziki hakuna, na mtu mmoja karibu nami akasema taratibu, "Allah, Allah," kama anayesikiliza mwimbaji. Wagih alinishika mkono akaubana mpaka pete yangu ikaniumiza.

Kisha mlango wa chombo ukafunguka, Rihab akageuka kutuangalia.

Alikuwa mzee. Hilo tulilitegemea. Lakini upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umelala: jicho limeshuka, kona ya mdomo imening'inia. Alipozungumza maneno yalitoka yakiwa mazito, yamepinda, kama yanayopitia kwenye pamba. Mushira alikuwa amepata kiharusi, na sisi hatukuwa na habari. Kamera haikumkwepa hata kidogo. Ilimsogelea, ikatulia palepale.

Ukumbi ulianza kunong'ona. "Wamempaka nini?" "Si rangi hiyo, ni kweli." "Masikini!" Wagih aliuachia mkono wangu.

Nikiri kwamba katikati filamu inachosha. Anatembea katika kituo cha angani kilichoachwa, anatengeneza pampu, anaotesha mimea. Lakini karibu na mwisho chombo chake kinapoteza njia tena, usingizi unamlemea tena, naye anaanza kuvitaja vituo. Tulijiweka sawa vitini sote, kama watu wanaosubiri wimbo wa taifa.

"Raml," alisema. Kimya. "Aza... rita." Pumzi. "Shatbi." Alipofika Kamb Shizar ulimi ukagoma. Alisema kitu kisichoeleweka, akasimama, akarudia, ukagoma tena. Mate yakamtoka kwenye kona ya mdomo, akayafuta kwa mgongo wa mkono, akajaribu mara nyingine. Nyuma vijana fulani wakacheka. Mtu akapiga kelele, "Shuka, bibi, tramu imeshaondoka!" na sehemu ya ukumbi ikaangua kicheko. Sehemu nyingine ikafoka, "Nyamazeni!" Mwanamke mmoja juu kwenye roshani akamsaidia kwa sauti, "Kamb Shizar, mpenzi, Kamb Shizar!" Na kwenye kioo, kama aliyemsikia, Mushira akalitoa neno, limevunjika, lakini zima. Kisha Ibrahimiya. Mimi machozi yalikuwa yamefika shingoni, wala sikuyafuta. Katika maisha yangu sijaona mwigizaji akijiweka mikononi mwa watu namna ile.

Wagih hakusubiri taa ziwashwe. Tulimkuta nje ya mlango wa ukumbi, pale wanapouza bisi, koti kalivua amelikunja kwapani. Abiria walikuwa wameshaanza kugawanyika, hawa wanakumbatiana, wale wanatukana.

"Wametudhulumu," Wagih alisema. "Miaka yote hii tunasubiri, wanatuletea mgonjwa. Aibu! Angalau wangemvika kofia ya angani. Wangemtafutia sauti ya mwanamke mwingine. Wangemwacha mama wa watu apumzike kwake."

"Kwani yeye ameomba kupumzika?" Rihab aliuliza. Macho yake yalikuwa mekundu na hakujali.

"Wewe hukuipenda hata ile ya kwanza!"

"Sikuipenda, ndiyo. Yule mwanamke alikuwa haogopi kitu, nywele hazivurugiki, anaanguka angani kama anashuka ngazi za hoteli. Uliniita jina lake, baba. Nimekua naambiwa Rihab halii, Rihab hakosei. Huyu wa leo amekosea mara tatu na akaendelea. Huyu ningekubali kuitwa jina lake."

Lutfi alijifanya anafuta miwani.

"Hujui unachosema," Wagih alimwambia binti yake. "Mimi nawaona kila siku dukani. Wanakuja na vikaratasi vya dawa, mdomo umekwenda upande, wanaona haya kuomba hata maji. Sikuja sinema kuona hayo. Nilikuja kumwona Rihab."

"Endelea, dokta. Nasikiliza."

Sauti ilitoka kwenye kiti kando ya nguzo. Alikuwa mwanamke mfupi, ameketi na mwavuli unaodondosha maji miguuni pake, shali nyeusi kichwani. Ilibidi aseme tena, taratibu, ndipo tukamtambua. Mushira Zananiri alikuwa amekaa safu ya nyuma muda wote, pamoja na wale vijana wa kucheka.

Sijawahi kumwona Wagih akiwa mweupe vile. "Bibi Mushira," alisema. "Mungu wangu. Nisamehe. Sikujua kama..."

"Ungejua ungenidanganya." Aliliweka kila neno mahali pake kama mtu anayepanga vikombe. "Kaa. Shingo yangu haipendi kutazama juu."

Wagih alikaa. Tulisogea, yeye na binti yake na mimi na Lutfi, na wengine wakasimama nyuma yetu.

"Ile kofia unayosema," Mushira alimwambia, "Bahgat aliileta. Nzuri, ya dhahabu. Ilinifunika mpaka hapa. Na msichana wa kunisemea alimpata pia, sauti kama asali. Nikamwambia, Bahgat, mwanamke huyu amekaa angani miaka ishirini na ushei, peke yake, anakula vidonge. Unataka arudi na uso uleule? Huko Zohali kuna saluni?"

Watu walicheka, nao walicheka vizuri sasa.

"Na vile vituo?" Rihab aliuliza. "Iliandikwa kwamba ukwame pale?"

"Haikuandikwa. Nilikwama kweli. Bahgat akasema kata, turudie kesho ukiwa umepumzika. Nikasema kesho nitakwama vilevile, binti yangu. Mimi nilijifunza kusema upya kwa vituo hivyo. Daktari alinipa mashairi nikamrudishia. Nilikuwa nakaa kitandani navitaja, nauambia ukuta, miezi. Kamb Shizar bado ni adui yangu." Alifuta kona ya mdomo kwa leso. "Ndiyo maana sikumruhusu aikate. Kama mtu amenicheka, basi ameniona."

Wagih alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimwogopea, maana namjua: hawezi kusema uongo hata kwa adabu.

"Bibi," alisema, "sikuipenda. Naomba radhi kwa maneno yangu kuhusu uso wako, yalikuwa maneno mabaya. Lakini filamu sikuipenda. Mimi nilitaka afike salama, awe vilevile."

"Hata mimi nilitaka," Mushira alijibu.

Mvua iligonga vioo vya mlango. Kisha yeye mwenyewe akauliza, "Na katikati je? Ulionaje?"

"Katikati ni ndefu mno."

"Nililala," alisema Mushira. "Mwaminifu wewe. Nina njaa. Nani anajua wapi wanauza maini mazuri siku hizi?"

Tulitembea chini ya miavuli mpaka kwenye kibanda cha maini nyuma ya kituo, kile chenye pilipili kali na foleni ya mabaharia. Mushira alimshika mkono Rihab njia nzima, wakizungumza sijui nini. Mikate ilipoletwa alianza kula kwa upande wa kulia tu, na mchuzi ukamwagika kwenye shali. Wagih aliuvuta mkate wa Mushira, akaukata vipande vidogo kwa kisu cha muuzaji, akavisogeza upande wa kulia wa sahani pamoja na glasi ya maji. Alifanya kama anavyofanya dukani kwake, bila haraka wala huruma ya kujionyesha. Mushira alimtazama.

"Mikono yako ni ya mtu mwema, dokta. Maoni yako ni ya hovyo."

"Kila mtu huniambia hivyo," alisema Wagih, na hapo ndipo sauti yake ilipokatika. Alijifanya ni pilipili. Rihab alimpa leso wala hakuhama kiti.

Abiria wa Zohali hawakupatana. Wiki nzima simu ziliwaka: wa Kuwait wakasema ni kazi kubwa kuliko ile ya kwanza, wa Aswan wakasema Bahgat azuiwe asikaribie kamera tena, watu wakatoka kundini wakarudi usiku huohuo. Wagih aliandika ukurasa mzima kueleza kwa nini hakuipenda, kisha chini yake akaongeza kwamba atakayemkejeli Bibi Mushira kwa uso au ulimi wake atafute sayari nyingine. Akamfukuza Lutfi kwa siku moja, kwa sababu ya mzaha mmoja tu, na Lutfi akakubali kwamba alistahili. Mimi niliitazama mara tatu zaidi. Mara ya mwisho Wagih alikuja nami, akakaa hadi taa zilipowashwa. Sikumuuliza.

Filamu haikutajirisha mtu. Lakini mtayarishaji mmoja wa redio ya mjini aliiona, akampa Mushira nafasi katika mchezo wa kila Jumatatu asubuhi, kama bibi mmoja mkali anayeuza samaki sokoni na kuwasuta wateja taratibu, neno kwa neno, mpaka wanalipa. Mji mzima unamnukuu. Ukienda kununua dawa Ibrahimiya saa hiyo, dokta atainua kidole usubiri, ataongeza sauti ya redio, na hutapata hata kidonge cha kichwa mpaka bibi amalize kusema.