Hatua Mia Nne

Bendeji ilikuwa imegandia kwenye kidonda, na maji ya kuilainishia yalibaki kikombe kimoja. Mpiga Pasi alimimina nusu, akangoja, kisha akaivuta taratibu kutoka kisiginoni kwenda vidoleni. Mama mkwe wake aliuma upindo wa mtandio. Harufu ilitangulia. Kidole gumba, ambacho juzi kilikuwa cha zambarau, leo kilikuwa cheusi.

"Kikoje?" aliuliza mama mkwe.

"Kinaendelea, Mama."

"Hata moto wa nyikani unaendelea. Nimekuuliza kinaendelea kwenda wapi."

Mpiga Pasi alimgusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja, kama anavyoligusa bamba la pasi kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, akauondoa mkono haraka.

Nje, honi ya lori ililia mara mbili.

Lile lilikuwa lori la kokoto. Lilipita pale mara moja tu kwa wiki, kila Jumamosi, likitoka machimboni kwenda mjini, na dereva wake alikuwa ameahidi kumchukua bibi mgonjwa mbele, karibu naye, mpaka kwenye lango la hospitali kuu. Bila yeye, kwenda mjini kulikuwa ni mwendo wa saa nzima kwa miguu hadi kwenye lami, halafu magari mawili. Mama mkwe hakuwa ametembea hata hadi chooni kwa siku tano.

Mpiga Pasi alitoka. Dereva alikuwa ameshafungua mlango wa upande wa abiria, na kwenye kiti alikuwa ametandika gunia safi.

"Haya shemeji, mlete bibi. Jua halinisubiri."

"Samahani, kaka. Nenda tu. Leo daktari anakuja hapa hapa."

Dereva aligeuka akalitazama lile jengo jeupe mwisho wa barabara ya vumbi, ambalo kila Jumamosi alilipita likiwa na kufuli. Leo lilikuwa limefungwa utepe mwekundu mlangoni.

"Hapo?"

"Hapo. Na gari la wagonjwa linakuja."

"Una hakika, dada? Mimi nikishavuka kile kilima, sirudi mpaka wiki ijayo."

"Nina hakika."

Dereva aliuvuta mlango, akaondoka. Gunia safi lilibaki kitini.

*

Karatasi aliyopimia uamuzi wa kuhamia huku ilikuwa ingali imebandikwa ukutani kwa gundi ya unga. Upande wa mbele ilikuwa ramani ya makazi mapya. Upande wa nyuma, ambao ndio ulioonekana, ulikuwa na mstari katikati na mwandiko wa Mpiga Pasi. Miaka miwili iliyopita, nyumba waliyopanga chumba ilipotiwa alama nyekundu ya kubomolewa, walipewa siku tatu za kuchagua. Kinyozi, kaka wa mama mkwe, alisema waje wabanane kwake, chumba kimoja, dirisha likitazamana na hospitali. Afisa wa mradi naye alikuja na ramani zake chini ya kwapa. Ndiyo maana watu walimwita Bwana Ramani.

Mpiga Pasi hakutaka kukurupuka. Mwana wa yule bibi, mume wake, alikuwa amekufa, na mzee alikuwa amebaki mikononi mwake. Basi akakaa chini na kalamu, akapima. *Faida:* vyumba viwili. Choo chetu wenyewe. Hewa safi. Hakuna kelele. *Hasara:* mbali na kazini. Mbali na soko. Maji bado. Mizani ilisimama kati kwa kati. Ndipo Bwana Ramani akaweka kidole juu ya kimraba cha kijani chenye msalaba.

"Na zahanati hii hapa. Nyumba yenu hii hapa." Alipima kwa kidole gumba na cha shahada. "Hatua mia nne. Mama hata akiruka kwa mguu mmoja atafika."

Mpiga Pasi akaandika upande wa faida: *Zahanati, hatua mia nne.* Akamsomea mama mkwe orodha nzima, kwa kuwa mama mkwe hakujua kusoma.

"Mizani nzuri," alisema mama mkwe. "Ila sijaona aliyeishika."

Zahanati ilijengwa kweli. Ikapakwa rangi, ikawekwa kibao, ikatiwa kufuli. Kidonda ambacho zamani kilisafishwa mara tatu kwa wiki hospitalini, ng'ambo ya barabara na chumba chao cha zamani, huku kilisafishwa na Mpiga Pasi kwa chumvi, jioni, akirudi kutoka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa ya mjini alikosimama kutwa akinyoosha mashuka ya watu waliolala humo usiku mmoja tu.

Jana jioni Bwana Ramani alikuja mlangoni, akaziba pua kwa adabu.

"Kesho tuna mgeni rasmi. Zahanati inafunguliwa. Daktari yupo, dawa zipo, gari la wagonjwa lipo. Tunahitaji mgonjwa wa kwanza, na wewe una mgonjwa halisi. Wengine hapa wana mafua tu."

"Atatibiwa?"

"Dada yangu, zahanati kazi yake nini? Kupika?"

Alicheka peke yake. Kisha akasema taratibu kwamba mgeni atauliza maswali mawili matatu, na kwamba wanaotoa maneno ya shukrani hukumbukwa.

Basi usiku huo Mpiga Pasi alipima tena, safari hii kichwani. Lori: gari la mawe, barabara ya mashimo, foleni ya hospitali. Zahanati: daktari, na hatua mia nne.

*

Alimpeleka kwa toroli, lile lile la kuchotea maji, akiwa ametandika mto na blanketi. Majirani walikuwa wameshakaa kwenye viti vya plastiki vyeupe chini ya turubai. Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa pembeni, limeoshwa hadi linang'aa.

"Leo nimekuwa bwana harusi," alisema mama mkwe. "Nabebwa, na watu wamekaa kunitazama."

Ndani kulikuwa na vitanda sita. Bwana Ramani aliwaelekeza kwenye kile kilichokuwa karibu na dirisha, penye mwanga. Mpiga Pasi alipoinama kumlaza mzee, aliona pembe ya shuka, akasimama hivyo hivyo, mgongo umepinda. Pembe ilikuwa imekunjwa mara mbili ndani na mara moja nje. Hakuna mwingine pale kazini aliyekunja namna ile. Shuka lile alilipiga pasi mwenyewe Alhamisi.

"Ni la kuazima," alinong'ona Bwana Ramani, alipoona anavyolitazama. "Usilichafue."

Daktari alikuwa kijana, na alikuwa daktari kweli. Alifungua bendeji, na uso wake ukabadilika. Aliubonyeza mguu juu ya kifundo, akabonyeza goti, akapima joto, akamvuta Mpiga Pasi pembeni.

"Hii si kazi ya hapa. Kabati lile lina maboksi matupu. Huyu anatakiwa hospitali kuu, chumba cha upasuaji. Leo. Umenielewa? Si kesho."

"Gari lipo nje, daktari."

"Basi apande sasa hivi."

Bwana Ramani alikuwa ameshafika. "Atapanda, daktari, atapanda. Mgeni yuko njiani. Nusu saa tu. Gari likiondoka sasa, mgeni ataona nini?"

"Mgonjwa—"

"Nani kakuandikia kibali cha kuja hapa?" aliuliza Bwana Ramani kwa upole kabisa.

Daktari alifunga kidonda kwa bendeji mpya, nyeupe pe, akatundika chupa ya maji ya dripu. Mikono yake ilikuwa mizuri, ya haraka, na hakumtazama mtu.

Bwana Ramani alimgeukia Mpiga Pasi. "Hafla ikienda vizuri, mama yako anapanda gari. Dereva nimeshamwambia. Ikiharibika..." Alifungua viganja, kama mtu anayeonyesha kwamba havina kitu.

Nusu saa ikawa saa mbili na nusu. Mama mkwe alianza kutetemeka.

Mgeni rasmi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Alikata utepe, akapigiwa makofi, akaingia na watu wa kamera. Aliketi kitandani, karibu kabisa na ule mguu, akaushika mkono wa mama mkwe.

"Pole, mama yangu. Unahudumiwa?"

"Tangu asubuhi, mwanangu. Sijawahi kushikwa mikono na watu wengi hivi."

Watu wakacheka. Mgeni alifurahi.

"Hebu niambie, mama. Watu wa mjini wanaogopa kuhamia pembezoni. Wewe umeishi huku miaka miwili. Kuna faida gani, na hasara gani?"

Kamera zilisogea. Bwana Ramani alitabasamu bila kuonyesha meno.

"Faida upepo," alisema mama mkwe. "Ni mwingi, na hauna foleni. Hasara ni kwamba nyumba hii mnayoniuliza nikiwa ndani yake, mimi nimeiingia leo. Miaka miwili naliona kufuli lake. Na hilo shuka, mwulize mkwe wangu—"

"Anaweweseka," alisema Mpiga Pasi.

Hakujua sauti ile ilitoka wapi. Ilikuwa kubwa kuliko sauti yake. Mgeni aligeuka. Nyuma ya bega la mgeni, dirishani, lilionekana gari jeupe na mstari wake mwekundu.

"Ni homa, mheshimiwa. Inampanda kichwani, hajui anachosema. Tunahudumiwa vizuri. Zahanati iko karibu, hatua mia nne tu. Tunashukuru."

Mama mkwe alimtazama. Hakukasirika. Alimtazama kama mtu aliyemkuta mwanawe akiiba chakula, akajua pia kwamba mtoto ana njaa. Kisha akageuzia uso ukutani.

"Maskini," alisema mgeni, akampapasa mama mkwe shavuni. "Uzee."

*

Magari ya wageni yaliondoka pamoja. Daktari alikuwa kwenye la mwisho, kiti cha nyuma. Aliinua mkono dirishani, nusu, akaushusha. Vumbi lilipotulia, vijana wa mradi walianza kukusanya vitu. Mmoja alichomoa dripu. Mwingine alibeba maboksi ya kabatini, mawili mawili, kwa kidole kimoja kimoja.

"Dada wa hoteli," aliita Bwana Ramani, "wewe unajua kukunja. Yakusanye mashuka. Sita, yatimie, msimamizi wako kayasaini yeye mwenyewe."

"Na Mama?"

"Mwinue kwanza. Yasichafuke."

Alimwinua, akamketisha ndani ya toroli. Alikunja mashuka sita, mara mbili ndani, mara moja nje. Mikono ilifanya yenyewe. Kisha akalisukuma toroli hadi kwenye gari la wagonjwa. Milango ya nyuma ilikuwa wazi. Ndani, kutoka sakafuni hadi darini, vilikuwa vimepangwa viti vyeupe vya plastiki, na juu ya machela yalilala magodoro.

"Kaka," alimwambia dereva, "mgonjwa ndiye huyu."

Dereva alisoma karatasi yake. Alikuwa mtu mzima, si mtu mbaya. "Mimi nimeandikiwa viti arobaini na magodoro sita, dada. Vina shughuli nyingine saa kumi. Mgonjwa sijaandikiwa."

"Bwana Ramani amesema alikwambia."

"Ameniambia niwahi."

"Mpakie mbele, basi. Karibu na wewe. Hata kwa magoti nitamshika."

"Mbele kuna turubai."

Mpiga Pasi alimtafuta Bwana Ramani kwa macho. Alikuwa mlangoni pa zahanati, mgongo umewageukia, anatia kufuli. Alilivuta mara mbili kuhakikisha, akaingia kwenye gari lake dogo, akafunga kioo.

Gari la wagonjwa liliondoka. Lilipofika kwenye mbuzi waliolala katikati ya njia, dereva aliwasha king'ora, na hakukizima tena. Kililia kikipanda kilima, kikashuka upande wa pili. Watoto walikimbia nyuma yake wakishangilia. Mwanamke mmoja jirani, aliyekuwa ameanika nguo na hakuhudhuria hafla, alisimama na beseni kiunoni.

"Afadhali," alisema. "Tumepata gari. Wamempeleka nani?"



"Mwanangu," alisema mama mkwe kutoka ndani ya toroli. Macho alikuwa ameyafumba. "Zahanati uliiandika upande gani?"

"Wa faida, Mama."

"Hatua ngapi vile?"

"Mia nne."

"Zihesabu. Kwa sauti. Nione kama hata hilo walisema kweli."

Mpiga Pasi alishika mikono ya toroli. Bendeji mpya ndiyo ilikuwa kitu cheupe pekee barabarani, na katikati yake doa la manjano lilikuwa limeanza kutokeza. Moja, alisema. Mbili. Tatu. Gurudumu liliruka juu ya jiwe, mama mkwe akaguna. Hamsini. Mia. Penye mia na ishirini mama mkwe alisema, "Umeruka moja," naye Mpiga Pasi akarudi nyuma kwa moja. Mia mbili. Paa la nyumba lilionekana. Mia mbili na themanini.

Penye mia tatu na tisa mkono wa mama mkwe uliteleza kutoka kifuani, ukaning'inia nje ya toroli, vidole vikawa vinaburuta vumbini, vikiacha mistari minne myembamba kando ya alama ya gurudumu.

Mpiga Pasi aliiona. Hakusimama. Alitazama mbele, akaongeza sauti.

Mia tatu na kumi. Mia tatu na kumi na moja.