Mshale wa Joto

Saa moja na robo asubuhi mama alikuwa ameshajifungia ndani ya gari, kiti cha nyuma, pochi mapajani, na gari lenyewe halina hata tone la maji.

"Mama, shuka, bado natengeneza."

"Nimeshakaa."

Basi tena. Saa tatu anatakiwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Wiki iliyopita tulichelewa, zamu yake akapewa mwingine, na kesho yake miguu ilikuwa imevimba, anahema kwa shida. Sitaki kuyaona tena yale. Teksi hawapokei simu, na kaka yangu ana pikipiki tu. Kilichoharibika ni thamostati, kile kidude kinachoyafungulia njia maji ya injini yakishapata moto. Jana ilikwama, gari likachemka. Leo ninayo mpya.

"Itoe, utupe," akasema kaka, Mjuaji wetu, kikombe cha chai mkononi. "Mafundi wote wanazitoa."

"Wewe na mafundi wako! Shika bomba hapo, au nyamaza."

Nikafungua nati mbili, nikakwangua gasketi kuukuu, nikaweka thamostati, nikakaza, nikajaza maji, nikawasha. Mshale wa joto ukapanda. Ukafika nusu, ukapita. Nikagusa bomba la kwenda kwenye rejeta: baridi.

"Zima!" kaka akapiga kelele. "Si nilikwambia?"

Nikazima. Kumbe kwa pupa yangu nilikuwa nimeiweka kinyume, springi inatazama nje badala ya kuelekea injini. Nilitamani kujizaba kofi. Na injini ya moto haifunguliwi, maji yatakubabua uso. Nikasubiri dakika ishirini nikilizunguka gari, nikimfokea kaka bure. Kisha nikafungua, nikaigeuza, vidole vinaungua, nikafunga. Saa mbili na dakika kumi.

Nikawasha tena. Mshale ukapanda hadi nusu.

"Zima bwana, utaiua injini!"

"Ngoja!"

Nikalishika bomba. Baridi. Baridi bado. Vuguvugu. Halafu likawa moto hadi nikatoa mkono, na mshale ukarudi chini kidogo.

"Imefunguka!" Kaka akanikumbatia, yeye Mjuaji mzima. Hospitali ni mwendo wa robo saa tu. Nikafungua mlango wa nyuma. "Mama, tunawahi!"

Hakuniangalia.

"Usinikasirikie, mwanangu. Nilikuwa naomba lisipone."

"Mama!"

"Zile sindano zimenichosha. Nimejifungia humu nisije nikakwambia uache."

Nilitaka kufoka, ndiyo tabia yangu, lakini machozi yakanitangulia. Kaka akaweka kikombe chini. Niliogopa kuliko nilivyouogopa ule mshale.

"Leo twende, mama. Leo tu. Zamu ya Ijumaa tutaizungumzia, na nitakusikiliza."

Akaitazama mikono yangu iliyojaa grisi, muda mrefu, mpaka nikadhani atakataa.

"Haya," akasema. "Kanawe kwanza."