Moyo wa Mchinjaji

Madaktari watatu waliniwekea kifuani chombo chao cha kusikilizia, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeniangalia usoni alipomaliza. Wa mwisho alimwangalia mke wangu. Hapo nikajua nimeuzwa.

Mimi nina bucha. Miaka ya nyuma, valvu moja ya moyo wangu, kile kilango cha damu, ilipoharibika, walinipasua wakanishonea nyingine, iliyotengenezwa kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe. Wateja walinicheka. "Bosi, leo unamkata ndugu yako?" Nami nilicheka, maana nilikuwa mzima. Daktari alisema itachakaa, ila si leo wala kesho.

Sasa ngazi za bucha zilinitoa pumzi. Miguu ilivimba, soksi zikaacha mifereji. Nililala nimeketi. Nikamshuku daktari aliyenishona: alinipa ya ng'ombe mzee. Nikamshuku zaidi mke wangu, aliyetoka nje kila simu ilipolia, akarudi na tabasamu lisilo na sababu.

"Valvu imechanika," yule daktari wa mwisho alisema. "Damu inarudi ilikotoka. Tukichelewa, mzee, moyo utashindwa kabisa. Inabidi tufungue tena."

"Tufungue? Wewe unafunguliwa wapi?"

"Baba watoto," mke wangu akasema, "msikilize."

"Ninyi wawili mmeshasikilizana vya kutosha."

Daktari akasogea. Akavua kile chombo shingoni, akanivisha masikioni, akanishikisha kisahani chake juu ya moyo wangu. Nikasikia mvumo mrefu, kama tairi linalovuja.

"Kila kifua kinalia hivi," nikasema.

"Basi sikiliza changu." Akafungua vifungo vya koti lake jeupe. Kwake mapigo yalikuja mawili mawili, na katikati kimya safi.

"Wewe bado kijana," nikamwambia. "Halafu una mshahara."

Mke wangu hakucheka. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wangu wenye kile kisahani baridi, akauweka kifuani kwake kushoto, juu ya gauni.

Mvumo haukuwepo. Lakini moyo ulikuwa mbioni. Nimeshika ng'ombe wengi wanapofikishwa mlango wa machinjio. Nayajua mapigo ya namna ile. Hadi leo nauona uso wake ulivyokuwa juu ya moyo huo: umetulia, unatabasamu, kama alivyokuwa akirudi kutoka kwenye zile simu.

Sikuvua chombo upesi. Daktari akakohoa.

"Unasikia nini?" mke wangu akauliza.

"Hamna kitu. Uko mzima."

Nikaanza kufungua saa yangu. Mara ya kwanza walinikataza kuingia chumba cha upasuaji na chochote mwilini.

"Si leo, mzee," daktari akasema.

"Najua," nikamjibu, nikamfunga mke wangu ile saa mkononi. Ilimpwaya.